Simu Isiyo na Kitundu cha Laini: Je, Yamfaa Mkazi wa Mwambao wa Ziwa?

Mkazi wa Mwanza anayeletewa simu janja na ndugu yake aliyeko Muscat, Dubai au Marekani huweza siku hizi kukutana na jambo ambalo miaka michache iliyopita halikuwako. Ubavuni mwa simu hiyo hamna kitundu cha kuingizia kadi ya laini. Simu ni mpya na kioo chake ni safi, lakini kadi ambayo mwenyewe ameitumia miaka mingi haina mahali pa kukaa. Hapo huzuka swali: je, aipokee simu hiyo na kuachana na kadi, au aiuze na kununua nyingine yenye kitundu?

Wengi hulichukua swali hili kuwa la mtindo au la bei. Kwa hakika ni swali la kisayansi, na jibu lake hutegemea kufahamu laini ni kitu gani, hufanya kazi gani, na nini hutokea siku simu inapoharibika. Katika mwambao wa Ziwa Victoria namba ya simu ndiyo mfuko wa fedha wa mvuvi, wa mchuuzi wa dagaa na wa mzazi anayelipa ada ya mtoto. Uamuzi mbaya huweza kumfungia mtu mlango wa fedha zake mwenyewe kwa siku kadhaa.

Laini ni nini hasa?

Kadi za laini za kwanza zilitengenezwa mwaka 1991 na kampuni ya Giesecke & Devrient ya Munich, Ujerumani, kwa ajili ya kampuni ya simu ya Radiolinja ya Finland. Kadi hizo zilikuwa na ukubwa wa kadi ya benki, yaani urefu wa milimita 85.6 na upana wa karibu milimita 54. Baadaye kadi ilipunguzwa ikawa milimita 25 kwa 15, kisha 15 kwa 12, na mwisho 12.3 kwa 8.8. Katika hatua hizo zote kilichokatwa zaidi ni plastiki, ambayo haina kazi nyingine ila kushikilia chipu. Chipu ndiyo laini yenyewe. Ni kompyuta ndogo mno, yenye kumbukumbu yake na uwezo wake wa kukokotoa.

Ndani ya chipu hiyo mna mambo mawili ya msingi. La kwanza ni namba ya utambulisho yenye tarakimu zisizozidi 15. Tarakimu tatu za mwanzo huonyesha nchi, na kwa Tanzania ni 640. Zinazofuata huonyesha kampuni, kwa mfano 04 kwa Vodacom na 05 kwa Airtel. La pili ni namba ya siri, ambayo mteja mwenyewe haijui wala hawezi kuisoma. Namba hiyo ya siri imehifadhiwa mahali pawili tu: ndani ya chipu na katika mitambo ya kampuni ya simu.

Msomaji huenda akashangaa kuambiwa kwamba namba anayowapa rafiki zake, ile inayoanza na 06 au 07, siyo inayoitambulisha laini mtandaoni. Kampuni ndiyo inayoifunganisha namba hiyo na namba ya utambulisho katika daftari lake. Kwa sababu hiyo mtu aliyepoteza kadi hupewa kadi mpya yenye siri mpya, naye akabaki na namba yake ya zamani. Kwa sababu hiyohiyo, tangu tarehe 1 Machi 2017, mteja wa Tanzania ameweza kuhama kampuni bila kubadili namba.

Fedha nazo hazimo ndani ya kadi. Huduma ya M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008, salio la mteja liliwekwa katika daftari la mitambo, na hadi leo ndivyo lilivyo. Kadi ikizama ziwani fedha hazizami pamoja nayo. Kinachozama ni ufunguo wa kuzifikia.

Namna laini inavyojitambulisha

Ikiwa siri haitamkwi kamwe, mtandao hujuaje kwamba laini inayoita ni ya kweli? Njia inayotumika ni ya swali na jibu. Mtandao huiletea laini namba iliyochaguliwa kwa bahati nasibu. Chipu huichanganya namba hiyo na siri yake kwa kufuata kanuni maalumu, kisha hurudisha jibu. Mtandao nao hufanya hesabu hiyohiyo upande wake, na majibu mawili yakilingana, laini hukubaliwa. Siri yenyewe haipiti hewani.

Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili darasani kwa chaki peke yake. Kanuni na iwe hii: jumlisha siri na namba ya swali, zidisha jumla hiyo kwa yenyewe, kisha chukua tarakimu ya mamia na ya makumi tu. Mwalimu, aliye mtandao, na mwanafunzi mmoja, aliye kadi, wakubaliane kwa siri namba 58. Mwalimu atamke swali, 31. Mwanafunzi atapata 58 + 31 = 89, na 89 × 89 = 7,921. Jibu lake litakuwa 92.

Darasa zima limesikia 31 na 92. Je, laweza kuijua siri? Wanafunzi wakijaribu namba zote za tarakimu mbili watagundua kwamba 46, 58 na 87 zote hutoa jibu hilohilo. Na mwalimu akibadili swali likawa 14, jibu sahihi litakuwa 18, kwa kuwa 72 × 72 = 5,184. Aliyekariri 92 hatafaulu kamwe kujifanya yeye ndiye kadi.

Mwanafunzi mwepesi ataona udhaifu wa mfano huu. Kwa swali la pili, 46 hutoa 60 na 87 hutoa 20, hivyo anayesikiliza mara mbili ataipata siri. Ni kweli, kwa kuwa siri ya darasani ni ndogo na kanuni yake ni nyepesi. Siri ya laini halisi ina biti 128. Idadi ya namba zinazowezekana kwa biti hizo ni kama 34 ikifuatiwa na sifuri 37, na kanuni inayotumika ni ngumu kupita kiasi kuikokotoa kwa kurudi nyuma.

Kilichobadilika

Kutokana na maelezo hayo yaonekana wazi kwamba laini ni siri iliyofungiwa mahali salama, na plastiki ni chombo cha kuibebea tu. Laini iliyojengwa ndani ya simu, ambayo katika maduka huitwa eSIM, imefuata wazo hilo. Chipu ya kutunzia siri hubandikwa kiwandani katika bodi ya simu na haitoki. Chipu hiyo ina namba yake ya utambulisho yenye tarakimu 32, iitwayo EID.

Mteja anapotaka laini, kampuni haimpi kadi. Humpa msimbo wa QR, ile picha ya mraba yenye vidoto vyeusi na vyeupe. Msimbo huo huiambia simu iende katika seva gani kupitia intaneti na ichukue laini gani. Seva hutuma laini ikiwa imefichwa kwa hesabu za usimbaji, kwa namna ambayo chipu iliyokusudiwa peke yake ndiyo yaweza kuifungua. Baada ya hapo namna ya kujitambulisha mtandaoni ni ileile ya swali na jibu. Kupiga simu, kutuma ujumbe na kufungua menyu ya fedha kwa *150*00# hakutofautiani na zamani.

Usajili nao haubadiliki. Tangu tarehe 1 Mei 2019 laini za Tanzania zimekuwa zikisajiliwa kwa alama za vidole na, kwa raia, namba ya kitambulisho cha taifa itolewayo na NIDA. Laini ya ndani haimwondolei mtu wajibu huo.

Faida zake

Kuondoa kitundu kuna manufaa ya kweli. Kwanza, nafasi iliyokuwa ya kitundu hupatikana kwa matumizi mengine. Simu ya iPhone 17 Pro isiyo na kitundu ina betri ya mAh 4,252, na ile yenye kitundu ina mAh 3,988. Pili, kila tundu ni njia ya maji na vumbi, na tundu likipungua simu huzibika vizuri zaidi. Tatu, simu moja huweza kuhifadhi laini kadhaa. Mfanyabiashara aendaye Kisumu au Kampala aweza kuongeza laini ya huko bila kuivua ya nyumbani, mradi kampuni ya huko inatoa huduma hiyo.

Nne ni habari ya wizi. Mwizi wa simu yenye kadi huichomoa kadi na kuitia katika simu nyingine. Ikiwa kadi haikufungwa kwa namba ya siri ya kadi, yaani PIN, ataanza mara moja kupokea ujumbe wa mwenyewe, pamoja na namba za uthibitisho zitumwazo na benki. Laini ya ndani haichomoleki. Hata hivyo, mwenye kadi naye aweza kujikinga kwa kuweka PIN ya tarakimu nne. Anayekosea mara tatu huifunga kadi, na haifunguki tena ila kwa namba ya PUK yenye tarakimu nane. Kinga hiyo haigharimu hata senti, lakini watu wengi hawaitumii.

Uko udanganyifu ambao aina zote mbili za laini haziukingi. Tapeli huweza kujaribu kuwashawishi watoa huduma wampe laini mpya kwa namba ya mtu mwingine, au huweza kutumia alama ya kidole iliyochukuliwa kwa hila kusajili laini nyingine. Hapo siri ya chipu haikuvunjwa. Aliyedanganywa ni mtu. Yafaa kila mwananchi apige *106# mara kwa mara aone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake.

Siku simu inapokufa

Wauzaji huzilinganisha simu zikiwa nzima, na zikiwa nzima tofauti ni ndogo. Tofauti kubwa huonekana siku simu inapokufa.

Mvuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza, majini, akiwa na mikono iliyolowa. Simu yake ikiingia maji ikazimika, atatoa kadi, ataifuta, ataikausha na kuitia katika simu ndogo ya vitufe, ile iitwayo kitochi, ya mwenzake aliye kambini. Maji huiharibu simu kwa sababu huunganisha njia za umeme zisizopaswa kuungana. Chipu ya kadi imefunikwa barabara, nayo nje ya simu haina umeme, kwa hiyo aghalabu husalimika. Baada ya dakika chache mvuvi huyo atapata salio lake, atamlipa mwenye mafuta, na atapigiwa na mnunuzi aliye mwaloni Kirumba. Hakuhitaji intaneti, ofisi wala ruhusa ya mtu yeyote. Ndivyo pia ilivyo pale ambapo simu ni nzima lakini chaji imekwisha na hakuna umeme.

Kwa mwenye laini ya ndani peke yake, laini imebaki imefungwa ndani ya simu iliyokufa. Ziko simu ambazo huweza kuhamishiana laini zenyewe kwa zenyewe, ikiwa kampuni ya simu inaruhusu, lakini kwa kawaida njia hiyo huhitaji simu ya zamani iwe hai. Ikiwa imekufa, mwenyewe hana budi kuiendea kampuni, kuthibitisha kwamba yeye ndiye mwenye namba, kupewa laini upya, kupata intaneti ya kuipakua, na juu ya yote kuwa na simu nyingine yenye chipu ya aina hiyo. Sharti hili la mwisho ndilo zito. Simu nyingi za bei nafuu hazina chipu hiyo, na kitochi hakina.

Inawezekana pia simu ikatumbukia ziwani moja kwa moja, ikazama na kadi yake. Hapo wote wawili wamepoteza laini, na wote wawili yawapasa kwenda kuomba nyingine. Lakini mwenye kadi atapewa kadi na kuitia katika simu yoyote ya bei ndogo.

Umbali nao si sawa kwa wote. Mkazi wa Nyegezi au Igoma hufika katikati ya mji kwa daladala. Mkazi wa Sengerema amepunguziwa safari tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwezi Juni 2025, kwa kuwa hangoji tena kivuko. Mkazi wa Ukerewe bado husafiri kwa meli, au kwa kivuko cha Rugezi–Kisorya kisha barabara. Aliye Ukara huvuka kwanza kufika Ukerewe. Jambo ambalo mjini ni usumbufu wa saa moja huweza kisiwani kuwa safari ya siku mbili, na nauli yake imo katika namba isiyofunguka.

Simu zitokazo ng'ambo

Swali hili halitapungua uzito, kwa kuwa simu za aina hii zinaongezeka katika nchi ambako ndugu wengi wa Watanzania wanaishi. Kampuni ya Apple ilianza kuuza simu zisizo na kitundu Marekani mwezi Septemba 2022, kwa toleo la iPhone 14. Mwezi Septemba 2025 simu za iPhone 17 zilitolewa bila kitundu katika nchi nyingine pia, zikiwamo Oman, Qatar, Saudi Arabia na Falme za Kiarabu. Toleo jingine la mwaka huo, iPhone Air, halina kitundu popote linapouzwa.

Kabla ya kulipia au kupokea simu ya namna hiyo, yafaa mtu afanye uchunguzi wa mambo matatu. Kwanza, apige *#06#. Simu itaonyesha namba yake ya IMEI yenye tarakimu 15 na, ikiwa ina chipu ya laini ya ndani, itaonyesha pia EID. Pili, ahakikishe kwamba simu haikufungwa kwa kampuni ya nchi ilikotoka. Simu iliyofungwa na isiyo na kitundu haitapokea laini ya Tanzania hata kidogo. Tatu, aulize katika kampuni yake mwenyewe, kabla ya kutoa fedha, kama kampuni hiyo hutoa laini ya ndani kwa simu ya aina hiyo, na kama mtu akipoteza simu hurudishiwa laini katika ofisi yoyote au katika baadhi tu. Uchunguzi wa IMEI nao si wa kupuuzwa. Mwezi Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizizima simu zote zenye namba bandia, na waliokuwa wamezinunua walipata hasara.

Namna ya kuamua

Anayetaka kuamua kwa busara na ajiulize maswali matatu. Ni mambo gani yanategemea namba hii? Mahali pa kupata laini mpya pako umbali gani? Na simu ya akiba iliyo karibu, yangu au ya jirani, ni ya aina gani?

Mfanyakazi wa Nyamagana ambaye mshahara wake hupita benki, ofisi ya kampuni ya simu iko jirani naye, na nyumbani kwake mna simu ya pili yenye chipu ya ndani, hana sababu ya kuiogopa simu isiyo na kitundu. Atapata betri kubwa zaidi na kinga dhidi ya mwizi wa kadi. Mvuvi wa Ukara au mchuuzi ambaye mtaji wake wote uko katika namba moja asiikubali simu hiyo kuwa simu yake pekee. Kwake kadi ya plastiki ni ufunguo wa akiba ambao kila kambi ina mlango wake.

Kwa walio wengi, walio kati ya hao wawili, ziko njia mbili za kati. Ya kwanza ni kuchagua simu yenye kitundu na chipu ya ndani kwa pamoja, ambazo zinauzwa. Namba ya fedha na ikae katika kadi, na laini ya intaneti ikae ndani ya simu. Ya pili yamfaa aliyekwisha kuletewa simu isiyo na kitundu: aibakize namba ya fedha katika kadi yake ya zamani, ndani ya kitochi, akiwa ameifunga kwa PIN, na simu mpya aipatie laini nyingine ya ndani kwa ajili ya intaneti, picha na masomo. Gharama ni kuchaji simu mbili, lakini simu moja ikifa namba ya fedha haifi nayo.

Maswali ya kujadili darasani

1. Kwa kutumia kanuni iliyoelezwa hapo juu na siri 23, tafuta majibu ya maswali 40 na 65.

2. Kwa nini mtandao hubadili swali kila mara badala ya kutumia swali moja?

3. Mtu asema, "Kadi yangu ya simu imepotea, basi na fedha zangu zimepotea." Eleza kosa lililomo katika usemi huo.

4. Ulizeni katika kata yenu: mtu aliyepoteza simu huchukua muda gani kupata laini nyingine, na hulipa nauli kiasi gani? Je, majibu hayo yanapendekeza simu ya aina gani kwa watu wa kata hiyo?